Kidonge cha usingizi kilicholiza akina mama (Sehemu ya 3)
Mama, mtoto kalala, wewe huna hata lepe la usingizi. Kabla hujamtuma mtu duka la dawa, sikia kisa hiki.

Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi, thalidomide. Ilinunuliwa bila cheti cha daktari na kusifiwa kuwa salama. Wajawazito wakainywa hata kwa kichefuchefu. Ikaondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961. Duniani, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno.

Marekani, Dkt. Frances Kelsey aligoma kuipitisha, akidai ushahidi zaidi. Na wewe uliza kama yeye: una mimba au unanyonyesha? Njoo kliniki kwanza. Kukosa usingizi kunatibika, hata bila kidonge.