Kicheko chenye Uchungu katika Riwaya za Katama Mkangi

Barabara itokayo Nakuru kwenda Kabarak, yalikokuwa makao ya Rais Daniel arap Moi, hupita Kiamunyi. Katika utawala wake (1978–2002), kuifanyia dola mzaha kulikuwa na gharama. Makala hii inachunguza jinsi mwandishi mmoja aliyeilipa gharama ya kuipinga, Katama Mkangi (1944–2004), alivyoipata sauti yake ya kicheko chenye uchungu.

Ni rahisi kudai kuwa sauti hiyo ilizaliwa kizuizini, alikotiwa mwaka 1986 bila kushtakiwa. Tarehe za kazi zake zinalikanusha dai hilo. Ukiwa (1975) ni riwaya ya mapenzi. Lakini Mafuta (1984), iliyotangulia kizuizi hicho kwa miaka miwili, tayari inawakejeli wanyonyaji kwa istiari. Kwa hiyo kizuizi hakikumfundisha kucheka. Kilichobadilika baadaye ni shabaha ya kicheko chenyewe.

Katika Walenisi (1995), Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani katika chombo asichojua kukiendesha. Hukumu hiyo inatisha na kuchekesha kwa pamoja, maana chombo cha kumwua ndicho kinachomfikisha kwenye nchi ya haki. Jina la nchi hiyo, likitenganishwa, husomeka ‘wale ni sisi’. Kidole kilichowaelekea wanyonyaji katika Mafuta sasa kinamgeukia msomaji pia. Hapo ndipo kejeli ya Mkangi ilipokomaa: ilipomnyima msomaji nafasi ya kucheka akiwa kando.