Kura Zilizopotea Kwenye Skrini: Funzo la Florida

Katika mijadala yetu kuhusu uchaguzi huwa tunauliza ni nani aliyehesabu kura na ni nani aliyetangaza matokeo. Ni nadra kuuliza ni nani aliyepanga majina kwenye ukurasa. Historia ya jimbo la Florida, Marekani, inaonyesha kwamba swali hili la tatu lina uzito ule ule.

Mwaka 2000 msimamizi wa uchaguzi wa kaunti ya Palm Beach, Theresa LePore, alikuwa na orodha ndefu ya wagombea urais na wapigakura wengi wazee. Ili wazee wasome bila taabu, alikuza herufi. Majina hayakutosha tena katika ukurasa mmoja. Yakagawanywa katika kurasa mbili zinazotazamana, na sehemu za kutoboa zikawekwa katikati. Al Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. La pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeongoza orodha ya kulia. Buchanan alipata kura zaidi ya 3,400 katika kaunti hiyo, na mwenyewe alikiri kuwa nyingi hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 zilikataliwa kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. George W. Bush alilitwaa jimbo, na urais pamoja nalo, kwa tofauti ya kura 537.

Hapakuwa na njama. LePore alikuwa mwanachama wa chama cha Gore, na sampuli ya karatasi hiyo ilisambazwa kabla ya siku ya kura bila kupingwa na vyama. Lakini kuitazama karatasi ukiwa nyumbani si sawa na kuitumia ndani ya kibanda, foleni ikikusubiri nyuma.

Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotoa fedha za kuondoa kadi za kutoboa. Kaunti nyingi zikanunua mashine za skrini ya kugusa, kana kwamba kosa lilikuwa la karatasi.

Novemba 2006, kaunti ya Sarasota ilipiga kura kujaza kiti cha Baraza la Wawakilishi kilichoachwa na Katherine Harris, yule yule aliyeidhinisha matokeo ya Florida mwaka 2000. Skrini ya kwanza ilikuwa na kinyang'anyiro cha Seneti peke yake. Skrini ya pili ilibeba viwili: juu kabisa wagombea wawili wa Baraza, na chini yao, baada ya kichwa cha habari chenye rangi, orodha ndefu ya wagombea ugavana. Macho ya wengi yalivutwa na rangi. Wapigakura wapatao 18,000 hawakuchagua mbunge, ingawa wengi wao walichagua gavana kwenye skrini hiyo hiyo. Mshindi alipita kwa kura 369.

Wakaguzi hawakuona hitilafu ya mashine inayoweza kueleza jambo hilo. Katika kaunti za Charlotte na Lee, ambako ugavana ulishiriki skrini na nafasi ya Mwanasheria Mkuu, ni nafasi hiyo iliyorukwa na wengi. Kasoro ilifuata mpangilio popote ulipokwenda.

Linaloumiza zaidi ni kwamba malalamiko yalisikika tangu siku za upigaji kura wa mapema. Watumishi wa vituo waliagizwa kuwakumbusha wapigakura wasiruke nafasi hiyo; skrini ikabaki ilivyo. Mwaka 2007 Florida iliamua kurejea kwenye karatasi zinazosomwa na mashine.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wataitambua tabia hiyo. Mwananchi anapokosea kujaza ombi kwenye mfumo, tunabandika tangazo ukutani au tunasema hajui kompyuta. Kabla ya mfumo kuzinduliwa, waketi mbele yake watu wa aina ile ile watakaoutumia, mzee asiyeona vizuri akiwa miongoni mwao, na aliyeutengeneza akae kimya akiwatazama. Pale wengi wanapokosea mahali pamoja, mahali hapo ndipo pa kurekebishwa. Kuliacha hivyo baada ya kujua ni kuamua ni nani atakayehudumiwa na ni nani atakayerudi nyumbani mikono mitupu.