Simile, Mzigo Waja

Neno la kwanza nililoambiwa Lamu, hata kabla ya karibu, ni "Simile!" Nilikuwa nimesimama katika kichochoro cha Mkomani, nikitazama mlango wa nakshi, na nyuma yangu akaja kijana na punda watatu. "Simile, mamangu!" Nikajibana ukutani na buibui langu. Punda wakapita mmoja mmoja, shogi zao zikikwaruza chokaa upande wa pili. Nikamwuliza wamebeba nini.

"Leo ni mtanga. Mawe tutatukua kesho, maji yakiyaa."

Mimi ni mtu wa Mvita, na Kiamu kinanipendeza masikioni. Alichosema ni kwamba mawe watayachukua kesho bahari ikijaa. Mawe hutoka Maweni, kisiwa cha Manda hapo ng'ambo, yakaletwa kwa mashua. Bahari ikipwa, mashua haziwezi kusogea karibu na ukuta wa pwani. Kwa hiyo fundi wa Lamu, kabla ya kuwaita vibarua, huulizia maji kwanza.

Nilikwenda Lamu kama mtalii, sina haja ya kuficha. Nimestaafu ualimu, nikapanda basi Mombasa, Malindi, Garsen hadi Mokowe, kisha boti. Lakini nilikuwa na deni langu moyoni. Baba yangu alikuwa na yadi ya boriti Mji wa Kale, na miti ile yote ilitoka upande huu wa Lamu. Kabla sijajua kusoma nilijua korija ni miti ishirini. Nilijua fito ni nyembamba, juu yake pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, kisha nguzo. Baba aliikagua kwa kiganja tu, bila futi. Majahazi ya Waarabu yalikuja na kaskazi, yakiwa na tende na papa mkavu, yakasubiri kusi yarudi Ghuba yamesheheni miti ya kuezekea nyumba za nchi zisizo na misitu. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nje. Baba aliuza zilizobaki kwa wajenzi wa mtaani, akafunga yadi.

Basi nilipoingia ile Nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, wenzangu walitazama zidaka ukutani, na zina haki ya kutazamwa. Mimi nilitazama juu. Boriti zimepangwa karibu karibu, na juu yake dari nzito ya mawe na chokaa. Nikaupima upana wa chumba kwa dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole: tano na kitu. Nikaenda ndani zaidi, msana wa pili, yaani ukumbi mrefu ulio nyuma ya ule wa kwanza. Tano na kitu. Chumba cha ndani kiitwacho nyumba kati, vilevile.

Nilisimama pale nikamkumbuka baba. Mti wa mkoko ulionyooka una kikomo chake. Ukivuka kama mita tatu chini ya dari ya mawe, utapinda. Tajiri wa Lamu aliyekuwa na majahazi na mashamba bara aliweza kurefusha chumba, aliweza kuongeza msana nyuma ya msana na ghorofa juu ya ghorofa, lakini upana hakuweza kuununua. Upana uliamuliwa na mkoko, na mkoko ukaamuliwa na Mbajuni aliyeingia matopeni na shoka akachagua huu akaacha ule.

Na njia nazo ni hivyo hivyo. Wageni husema Lamu haina magari kana kwamba watu walikaa kikao wakayakataa. Nyumba nyingi kubwa za mawe ni za karne ya 18 na mwanzo wa 19. Njia iliachwa kadiri ya kupita punda na shogi zake. Kuta zilikaribiana kiasi kwamba mahali pengine watu walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, jirani akaenda kwa jirani bila kushuka chini. Kivuli kile cha vichochoro, ambacho ndicho kinachowaleta watu kutoka Ulaya, ni kivuli cha kuta zilizopisha mzigo tu, basi.

Hata pwani yenyewe ilibebwa. Ngome iliyoanza kujengwa karibu na 1813, baada ya Waamu kuwapiga watu wa Pate na sisi wa Mombasa pale Shela, ikamalizika 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji. Leo ukitoka mlangoni pake unakuta uwanja, mti wa kivuli, soko ubavuni, na safu ya nyumba ndipo uione bahari. Kifusi chote kile kilijazwa kwa makapu.

Na makapu hayo yalibebwa na nani? Hili nataka liandikwe mahali pengine zaidi ya moyoni mwangu. Kabla ya kijana yule na punda wake, mawe ya Mkomani yalibebwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Sheria iliyofuta utumwa pwani ya Kenya ni ya mwaka 1907. Nilipokuwa nikifundisha historia, nilipita mbio katika ukurasa huo, kwa sababu katika darasa moja walikaa wajukuu wa pande zote mbili. Sasa naona nilikosea. Watoto wale walistahili kujua ni mabega ya nani yaliyopandisha jiwe hadi ghorofa ya pili.

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia. Punda nao wana zahanati yao hapo ufuoni, tangu 1987, hutibiwa vidonda bila malipo. Nilikaa pale asubuhi nzima. Pikipiki zimeshaingia kisiwani, nilizisikia, na ninaomba kwa dhati zisifike Mkomani.

Kesho yake saa nne maji yalijaa. Mashua ilifunga, wanaume wawili wakashuka majini hadi mapajani, wakapokezana mawe kwa mikono hadi ukutani, mmoja akihesabu kwa sauti. Nilimwona kijana wangu. Nikatangulia mpaka kichochoro kile, nikakaa kwenye daka, baraza la mlangoni, na hapo ndipo nikaona nilichokosa kukiona jana: mfuo ukutani, usawa wa kiuno changu, urefu wa nyumba nzima, laini kama bakuli la kaure. Nikatia kiganja ndani yake. Kikaenea.

"Simile, mamangu!"

Nikautoa mkono.