Warushaji wa Muda Katika Kriketi ya Kimataifa: Wapigaji Waliogeuza Mechi Wakiwa na Mpira Mkononi

Na Mwandishi Wetu

Katika mchezo wa kriketi, kila timu ya wachezaji 11 huwa na watu walioteuliwa kwa ajili ya kupiga na wengine walioteuliwa kwa ajili ya kurusha mpira. Kati ya makundi hayo mawili wapo wachezaji wa aina ya tatu, ambao aghalabu hawatajwi sana: wapigaji ambao nahodha huwaita warushe ova chache pale warushaji wake wakuu wanapochoka, wanapozidiwa au wanaposhindwa kuangusha wiketi. Hao ndio warushaji wa muda.

Mrushaji wa muda hutofautiana na mchezaji wa pande zote mbili. Huyu wa pili huingia kikosini kwa sababu ya kazi zote mbili, na hupangiwa ova zake tangu mwanzo. Mrushaji wa muda huingia kikosini kwa sababu ya kupiga pekee. Akirusha vizuri, timu imepata ziada. Akirusha vibaya, nahodha humpumzisha, na nafasi yake kikosini haitikisiki. Hata hivyo, historia ya mchezo huu inaonesha kwamba mechi kadhaa kubwa, zikiwemo za fainali ya Kombe la Dunia, ziligeuzwa na mikono ya watu wa aina hii.

Hesabu ya ova 50

Umuhimu wao huanzia katika kanuni. Katika mechi ya siku moja kila timu hupewa ova 50, na kila ova ni mipira 6 halali. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10. Kwa hiyo timu huhitaji angalau warushaji watano. Katika mechi za T20, ambako ova ni 20 na kikomo cha kila mrushaji ni ova 4, hesabu ni ileile.

Nahodha anayetaka kuimarisha safu ya wapigaji huchagua warushaji wanne tu wa kutegemewa. Ova 10 zilizobaki hugawanywa kati ya wapigaji wawili au watatu wanaojua kurusha. Wapinzani huzisubiri ova hizo kwa hamu, kwa kuwa huzihesabu kuwa nafasi ya kuvuna mikimbio. Endapo wapigaji hao watazimaliza kwa mikimbio 45 badala ya 70, timu yao imepata faida ambayo jedwali la matokeo haliioneshi waziwazi.

Katika mechi za Test, zinazochezwa hadi siku tano, hakuna kikomo cha ova. Huko mrushaji wa muda huitwa kwa sababu nyingine: kuvunja ushirikiano wa wapigaji wawili waliokaa muda mrefu, au kutumia uwanja uliokauka na kuanza kuufanya mpira ugeuke.

Sababu za mafanikio yao

Wengi wa warushaji hawa hurusha mpira wa polepole wenye mzunguko. Mpira wa aina hiyo haumpi mpigaji kasi ya kutumia. Inambidi azalishe nguvu yeye mwenyewe, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Sababu ya pili ni dharau. Mpigaji aliyemheshimu mrushaji mkuu kwa saa nzima hulegea anapomwona mpigaji mwenzake akikabidhiwa mpira, na hutaka kumwadhibu mara moja. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 8 Novemba 1987, katika uwanja wa Eden Gardens, Kolkata. Uingereza ilikuwa ikielekea vizuri kulifikia lengo lililowekwa na Australia. Nahodha wa Australia, Allan Border, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga, alichukua mpira mwenyewe. Katika mpira wake wa kwanza kabisa, nahodha wa Uingereza, Mike Gatting, aliyekuwa na mikimbio 41, alijaribu kugeuza gongo na kuupiga kinyumenyume. Mpira ulimgusa na kudakwa na mlinda wiketi, Greg Dyer. Australia ilishinda kwa mikimbio 7 na kutwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza.

Mechi za Test: siku za ajabu

Border huyohuyo anashikilia nafasi ya pekee katika orodha hii. Mwezi Januari 1989, mjini Sydney, alirusha dhidi ya West Indies, timu iliyokuwa ikiogopwa kuliko zote wakati huo. Aliangusha wiketi 7 kwa mikimbio 46 katika zamu ya kwanza, na wiketi 4 kwa mikimbio 50 katika zamu ya pili. Katika mechi zake zote 156 za Test aliangusha wiketi 39. Yaani zaidi ya robo ya wiketi zake zilipatikana katika mechi hiyo moja.

Mwaustralia mwingine, Michael Clarke, alifanya jambo linalokaribiana na hilo mwezi Novemba 2004 katika uwanja wa Wankhede, Mumbai. Akiwa bado mgeni katika timu ya taifa, aliangusha wiketi 6 za India kwa mikimbio 9 tu. Uwanja uliomsaidia yeye uliwasaidia pia warushaji wa India, kwani Australia ilishindwa kwa mikimbio 13 ikitafuta 107. Miaka michache baadaye, tarehe 6 Januari 2008, Clarke alikabidhiwa mpira mjini Sydney zikiwa zimesalia dakika chache mechi iishe bila mshindi. Aliangusha wiketi 3 za mwisho za India katika mipira 5, na Australia ikapata ushindi wake wa 16 mfululizo.

Joe Root wa Uingereza naye aliangusha wiketi 5 kwa mikimbio 8 dhidi ya India mjini Ahmedabad, mwezi Februari 2021. Mechi hiyo ilimalizika ndani ya siku mbili, na Uingereza ilishindwa kwa wiketi 10. Mifano ya Root na ya Clarke mjini Mumbai inatufundisha jambo moja: mrushaji wa muda anapopata wiketi nyingi kwa urahisi, mara nyingi uwanja wenyewe ndio unaosema, na wapinzani wenye warushaji stadi zaidi wataufaidi kuliko yeye.

Sachin Tendulkar: mpigaji aliyependa mpira

Dunia inamfahamu Sachin Tendulkar wa India kwa mikimbio yake. Si wengi wanaokumbuka kwamba aliangusha wiketi 154 katika mechi za siku moja, pamoja na 46 katika mechi za Test. Tarehe 24 Novemba 1993, katika nusu fainali ya Kombe la Hero mjini Kolkata, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 6 katika ova ya mwisho. Kapil Dev, mrushaji mwenye uzoefu mkubwa, alikuwepo uwanjani; lakini mpira ulikabidhiwa Tendulkar, kijana wa miaka 20. Alitoa mikimbio 3 tu, na India ikashinda kwa mikimbio 2.

Mwezi Machi 2001, katika uwanja huohuo, India ilikuwa ikijaribu kuishinda Australia baada ya kulazimishwa kupiga zamu mbili mfululizo. Siku ya mwisho Australia ilifikisha mikimbio 166 kwa wiketi 3, na sare ilikuwa inanukia. Harbhajan Singh aliangusha wiketi mbili, kisha Tendulkar akawatoa Adam Gilchrist, Matthew Hayden na Shane Warne. Wiketi 5 zilianguka ndani ya mikimbio 8. India ilishinda kwa mikimbio 171, na mfululizo wa ushindi 16 wa Australia ukakatika.

Mashujaa wa mechi za siku moja

Viv Richards wa West Indies, mmoja wa wapigaji wakali zaidi kuwahi kutokea, aliangusha wiketi 118 katika mechi 187 za siku moja. Mwaka 1987 mjini Dunedin, dhidi ya New Zealand, alipiga mikimbio 119 na kuangusha wiketi 5 kwa mikimbio 41, akawa mchezaji wa kwanza kupata mia moja na wiketi tano katika mechi moja ya aina hiyo.

Aravinda de Silva wa Sri Lanka alitenda makubwa zaidi kwa kuwa alitenda katika fainali. Tarehe 17 Machi 1996 mjini Lahore, Australia ilikuwa na mikimbio 137 kwa wiketi 1. De Silva akawatoa Mark Taylor na Ricky Ponting, kisha Ian Healy. Australia ikaishia 241, naye akarudi kupiga mikimbio 107 bila kutolewa. Sri Lanka ikatwaa Kombe la Dunia.

Mwaka 2011 Yuvraj Singh wa India alipata mikimbio 362 na wiketi 15 katika Kombe la Dunia, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka, kwa upande wake, aliangusha wiketi 323 za mechi za siku moja. Kwa idadi hiyo ni vigumu kumwita mrushaji wa muda.

Sehemu ya Afrika Mashariki

Wasomaji wa ukanda huu wana kumbukumbu yao wenyewe. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, India, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166 dhidi ya West Indies. Rajab Ali aliangusha wiketi 3, ikiwemo ya Brian Lara. Nahodha Maurice Odumbe, mpigaji wa kutegemewa wa safu ya kati, alirusha ova zake zote 10 na kutoa mikimbio 15 tu, huku akiangusha wiketi 3. West Indies ilitolewa kwa mikimbio 93. Odumbe alichaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo. Steve Tikolo, anayehesabiwa kuwa mpigaji bora aliyewahi kutoka Kenya, naye aliangusha zaidi ya wiketi 90 katika mechi za siku moja.

Mabadiliko ya kanuni na funzo lake

Tangu mwaka 2011 mechi za siku moja zilianza kutumia mipira miwili mipya, na mwaka uliofuata idadi ya wadakaji wanaoruhusiwa kusimama mbali ikapunguzwa hadi wanne kwa sehemu kubwa ya mchezo. Mrushaji wa polepole akakosa mpira uliochakaa na ulinzi wa pembeni. Wapigaji wengi wakaacha kabisa mazoezi ya kurusha. Mwaka 2025 kanuni ilirekebishwa, na sasa mpira mmoja tu hutumika baada ya ova ya 34.

Gharama ya kuwakosa ilionekana katika Kombe la Dunia la 2023. Katika nusu fainali, Travis Head wa Australia, ambaye ni mpigaji, aliangusha wiketi 2 za Afrika Kusini katika mipira miwili mfululizo. Katika fainali ya tarehe 19 Novemba mjini Ahmedabad, Australia ilitumia warushaji 7, na Glenn Maxwell ndiye aliyemtoa nahodha wa India, Rohit Sharma. India ilitumia warushaji watano tu. Head alipokuwa akipiga mikimbio yake 137, nahodha wa India hakuwa na mkono wa sita wa kuujaribu. Mwezi Julai mwaka uliofuata, India ikiwa na nahodha mwingine, Suryakumar Yadav, wapigaji wawili, Rinku Singh na Suryakumar mwenyewe, walirusha ova mbili za mwisho za mechi ya T20 dhidi ya Sri Lanka mjini Pallekele. Kila mmoja aliangusha wiketi 2, mechi ikaisha sare, na India ikashinda katika ova ya ziada.

Kwa makocha wa shule na vilabu vya Afrika Mashariki, ambako vikosi huwa na wachezaji wachache na viwanja huwa vikavu, funzo hilo lina uzito. Kila mpigaji anapaswa kutengewa muda wa kurusha mpira mazoezini. Huenda akapita msimu mzima bila kuitwa. Lakini siku warushaji wakuu watakapokwama, nahodha atamgeukia yeye, na mkono wake uwe tayari.