Mawimbi ya Belousov

Mwaka 1951, huko Moscow, Boris Belousov aliona umanjano wa mchanganyiko wake wa kikemia ukipotea na kurudi, tena na tena. Mhariri aliikataa makala: jambo hilo haliwezekani. Muhtasari wake ulichapwa mwaka 1959 tu.

Anatol Zhabotinsky aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1970, yeye na Zaikin walieleza mawimbi ya duara yatokayo katika vitovu mbalimbali vya tabaka jembamba la umajimaji. Mawimbi yakutanapo huzimana. Lakini kitovu chenye kasi hutuma mengi zaidi, hivyo mpaka husogea kuelekea kile cha polepole, hata kikamezwa. Moyoni vilevile, kifundo cha chumba cha juu cha kulia hutawala kwa kuwatangulia wenzake.

Belousov alifariki mwaka huohuo wa 1970. Tuzo ya Lenin alipewa mwaka 1980.