Ziwa Lililojaa, Mashamba Yaliyokauka: Historia ya Ukame katika Mwambao wa Rumonge

Ni rahisi kulichukulia Ziwa Tanganyika kuwa daftari la mvua: likishuka palikuwa na ukame, likipanda palikuwa na neema. Karne ya 19 inatahadharisha dhidi ya usomaji huo. Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 penye Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, aliukuta umesongwa na majani. Ziwa liliendelea kupanda hadi karibu mwaka 1878, kizuizi kikavunjika, na katika muda wa miaka kumi na mitano hivi uso wake ukashuka kwa takriban mita 10. Mapadre Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na misheni yao ikaishia kwa mauaji ya Mei 1881. Ushahidi wao, mfupi kama ulivyo, unaangukia katikati ya mteremko huo. Mtafiti anayeona katika ufuo ule uliopanuka ukame mmoja mrefu anahesabu kubomoka kwa kizuizi kana kwamba ni mvua iliyokosekana.

Kasoro ya pili ni ya kijiografia. Ziwa hulishwa na Malagarasi kutoka Tanzania, na Rusizi kutoka Ziwa Kivu, pamoja na mvua ya bonde zima. Rumonge yenyewe imo katika Imbo, ukanda mwembamba wa tambarare chini ya milima ambayo hupata mvua nyingi kuliko mwambao. Kwa hiyo ziwa laweza kufurika huku maharage ya Rumonge yakinyauka. Mwaka 2024 maji yaliingia majumbani Rumonge na Gatumba, na ni dhahiri kwa nini mafuriko yalitawala mipango; lakini kipimo cha ziwa hakisemi lolote kuhusu unyevu wa udongo shambani.

Mchikichi, mhimili wa uchumi wa mwambao huu, unatatiza hesabu zaidi. Ukikosa maji hutoa maua mengi ya kiume, na mikungu huja kupungua takriban miaka 2 baadaye. Kaya inayotegemea mawese hupata hasara ya ukame wakati mvua imekwisha kurejea na orodha za msaada zimefungwa. Tathmini ya athari inayofanywa mwishoni mwa msimu, kama ilivyo kawaida kwa mazao ya muda mfupi, haiwezi kuiona hasara hiyo. Mavuno ya mawese yanahitaji kufuatiliwa, tarafa kwa tarafa, angalau miaka 3 baada ya kila msimu mbaya.