Asili ya Neno "Amwani" katika Nchi ya Wahaya

Msafiri atokaye Unguja, afikapo Bukoba akasikia kwamba wenyeji hutafuna amwani, huenda akadhani ni mwani wa baharini. Mshabaha huo ni wa sauti tu. Amwani ya Wahaya ni kahawa. Na punje itafunwayo, iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikaanikwa, huitwa akamwani. Ndiyo awekewayo mgeni, Bukoba hata Muleba. Gunia liendalo mzanini huitwa la kahawa.

Je, neno hili ni la kigeni? Mtu aweza kudhani kuwa latokana na buni, ambalo Kiswahili kimelipata katika Kiarabu, bunn. Dhana hiyo haisimami. Kihaya kilipotwaa kitabu kikasema ekitabo, b haikuguswa. Kwa nini basi b ya buni igeuke mw, na u yake igeuke a? Tena Waganda husema emmwanyi, na Kinyoro na Kinyankole vina shina lilo hilo la -mwani.

Mti wenyewe ni shahidi mwingine. Kahawa waliyoijua Waarabu ni arabika. Kahawa ya kale ya Wahaya ni robusta, ambayo wataalamu wa mimea wa Ulaya waliipa jina, Coffea canephora, mwaka 1897. Basi wafanyabiashara waliotoka Unyanyembe wakaweka kituo Kafuro, Karagwe, katika karne ya 19, walikuja na jina kahawa, wala si na mti huu. Wahaya walikwisha kuufungia undugu: tunda moja lina punje mbili ndani ya ganda moja, na wachanjanao walitafuna kila mmoja punje iliyopakwa damu ya mwenziwe.

Tulinganishe na mbali. Wafini, wanywaji wakubwa wa kahawa, husema kahvi. Walilipokea neno kwa Waswidi, na asili yake ya mbali ni qahwa ya Kiarabu. Kwao kitu na jina vyote viliingia kwa biashara. Wahabeshi, wenye mti kwao, husema buna. Wahaya, kwa maoni yangu, wako upande wa Wahabeshi.

Haya si mambo ya kamusi tu. Serikali ya kikoloni iliwatungia Wahaya kanuni za kutunza mibuni kana kwamba ni wageni wa mmea huo, na mwaka 1937 ghasia zikazuka Bukoba kwa sababu ya kanuni hizo.